Kimeng'enya Hakisubiri Kadi ya Kliniki

Muuguzi anapofungua kadi mpya ya kliniki ya wajawazito, huuliza tarehe ya hedhi ya mwisho, na kutokana na tarehe hiyo hupiga hesabu ya umri wa mimba. Mwezi Februari mwaka huu nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mashine ya kusaga katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Tandahimba, nikisubiri zamu yangu, na mama aliyekaa kando yangu alinipa kadi yake nimsomee, kwa kuwa mwandiko wa muuguzi ulikuwa umemshinda. Hesabu ilionyesha wiki 19. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda zahanati kwa mimba ile, na ndani ya kadi alikuwa amebana bahasha ndogo ya vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki.

"Mwalimu, hivi ndivyo vya kuongeza damu?"

Nilimjibu kwamba ndivyo, na kwamba asiache hata kimoja. Sikumweleza, maana pale hapakuwa mahali pake, kwamba vidonge vile vitamsaidia kwa mengi lakini kuna kazi moja ambayo asidi ya foliki huhitajika kuanzia mwanzo kabisa, na kazi hiyo ilianza kwake mwezi Oktoba, wakati minada ya korosho ndiyo kwanza ilikuwa inafunguliwa na yeye mwenyewe hajui kwamba ana mimba.

Kazi ninayoisema hufanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini, viitwavyo methiltransiferesi za DNA, ambavyo wanasayansi huviita kwa kifupi DNMT. Kimeng'enya cha namna hii huchukua kundi la methili, yaani atomu moja ya kaboni iliyoshikana na atomu tatu za haidrojeni, na kulibandika juu ya saitosini, ambayo ni mojawapo ya herufi nne za DNA, hasa pale saitosini inapofuatwa na gwanini. Jozi za saitosini na gwanini katika DNA ya binadamu ni takribani milioni 28, na katika seli nyingi za mwili asilimia 70 hadi 80 ya jozi hizo zimebandikwa methili. Maandishi ya DNA hubaki vilevile, ila usomaji wake hubadilika: alama hizo zikirundikana kwenye mlango wa jeni, jeni hiyo kwa kawaida hunyamaza. Ndiyo maana seli ya ini na seli ya jicho, ambazo zina DNA ileile, hazifanani kwa umbo wala kwa kazi.

Namna kimeng'enya kinavyoifikia saitosini inastahili kusimuliwa polepole, kwa sababu ni kazi ya ufundi. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, na herufi zake zimeelekea ndani na kubanana, kiasi kwamba mtu angedhani kimeng'enya kitalazimika kuzitenganisha nyuzi kwanza. Mwaka 1994 watafiti waliochunguza methiltransiferesi ya bakteria kwa kutumia miale ya eksirei waliona jambo tofauti. Kimeng'enya hukumbatia msokoto ukiwa mzima, huibinua herufi moja tu hadi nje, huiingiza katika kishimo kilichomo ndani yake chenyewe, huibandika methili, kisha huiachia irudi mahali pake. Uzi haukatiki popote.

Msomaji aliyewahi kufanya kazi katika ghala la korosho la chama cha msingi ataniruhusu nitumie mfano wa ghala. Gunia lililopigwa alama ya kutofunguliwa lina korosho zilezile zilizomo katika gunia la jirani, lakini wachukuzi hulipita na kwenda kwenye yale yasiyo na alama. Seli inapogawanyika, DNA yake hunakiliwa, na kila nakala huwa na uzi mmoja wa zamani wenye alama na uzi mmoja mpya usio na alama yoyote. Kimeng'enya kiitwacho DNMT1 hupita juu ya nakala hizo na kuhamishia alama za uzi wa zamani kwenye uzi mpya, mithili ya karani anayeandika upya alama za magunia yaliyochakaa, naye ana msaidizi, protini ya UHRF1, ambayo mwaka 2007 ilifahamika kuwa ndiyo inayotambua mahali ambapo upande mmoja una alama na mwingine hauna. DNMT3A na DNMT3B ni makarani wa aina nyingine kabisa. Wao huweka alama mahali ambapo haikuwapo. Wapo pia wanaoanzisha ufutaji, vimeng'enya vya TET, ambavyo kazi yao ilijulikana mwaka 2009, lakini hao tutawaacha.

Wazo la karani mnakili lilitangulia ushahidi wake kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1975 Arthur Riggs kwa upande mmoja, na Robin Holliday na John Pugh kwa upande mwingine, walipendekeza kwamba methili ndiyo inayoiwezesha seli kukumbuka ni jeni zipi zimefungwa, na kwamba lazima kuwe na kimeng'enya cha kuirithisha kumbukumbu hiyo. Timothy Bestor na wenzake waliipata jeni ya kimeng'enya hicho katika panya mwaka 1988. Miaka minne baadaye iliharibiwa makusudi katika panya wa maabara, na watoto wao walikufa wakiwa bado viinitete. Mwaka 1999 ikawa zamu ya makarani wa pili: panya wasio na DNMT3B walifia tumboni, na wasio na DNMT3A walizaliwa lakini hawakumaliza wiki nyingi. Hapo ndipo ilipokuwa wazi kwamba mnyama wa aina hii hawezi kukamilika bila vimeng'enya hivi.

Sasa turudi kwenye Oktoba ya mama yule. Yai linapokutana na mbegu ya kiume, alama nyingi ambazo kila upande ulikuja nazo hufutwa katika siku chache za mwanzo. Kisha, katika siku ambazo kiinitete kinajishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, DNMT3A na DNMT3B huanza kuweka alama mpya kwa kasi, na DNMT1 huzinakili alama hizo seli kwa seli hadi uzeeni. Wakati huo mwanamke hajakosa hata siku zake. Sehemu kubwa ya alama hizo huwekwa mahali palepale kwa kila binadamu, awe ameshiba au ana njaa, lakini yapo maeneo machache kwenye DNA ambako idadi ya alama hutofautiana kati ya mtu na mtu, na tofauti hiyo huonekana kuamuliwa katika siku hizihizi za mwanzo. Maeneo hayo ndiyo yanayoniletea hoja yangu.

Methili haitoki hewani. Huletwa kwenye kimeng'enya na molekuli iitwayo S-adenosilimethionini, ambayo mwili huitengeneza kutokana na methionini, asidi amino inayotoka katika protini ya chakula. Ikishatoa methili yake, molekuli hiyo hugeuka kuwa kitu kingine ambacho kikirundikana hukizuia kimeng'enya chenyewe kufanya kazi. Kwa hiyo seli hulazimika kukiondoa na kuunda methionini upya, na kazi hiyo inahitaji foleti (vitamini ambayo asidi ya foliki ni umbo lake la vidonge), vitamini B12, riboflavini na, kwa njia nyingine ya pembeni, kolini. Kwa lugha ya jikoni, methionini iko katika samaki, mayai na nyama. Foleti iko katika majani mabichi, kunde, mbaazi, karanga na maini. Kolini ni ya mayai na maini. Na B12 haipatikani katika jani lolote, hata mtu akila kisamvu sufuria nzima. Foleti nayo haina uvumilivu. Huharibika kwa kuchemshwa muda mrefu na sehemu yake hutoka na maji yanayomwagwa, na kisamvu, kwa sababu za usalama zinazojulikana na kila mama wa Kusini, hakiwezi kupikwa kwa haraka.

Mbele ya orodha hiyo, muhogo haujitetei. Makopa hushibisha, lakini protini yake ni kidogo mno, na methionini iliyomo ndani ya protini hiyo ni kidogo zaidi. Isitoshe, muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vizuri huacha sianidi, na mwili huidhoofisha sumu hiyo kwa kutumia salfa inayotoka katika asidi amino zilezile, methionini na ndugu yake sisteini. Mkoa wa Mtwara umewahi kuonja uchungu wa jambo hili kupitia konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ya watu wanaokula muhogo wa namna hiyo bila kitoweo cha protini. Hapa naomba nitoke kidogo nje ya mstari: Mkoa wa Lindi ni mashuhuri kwa ufuta, mbegu ambayo protini yake ina methionini nyingi kuliko ya jamii ya kunde, na ufuta huo kwa sehemu kubwa tunaupeleka mnadani, ukapande meli, nasi tunarudi nyumbani kula makopa.

Ushahidi kwamba chakula cha mama huacha alama kwenye DNA ya mtoto ulianza kwa panya. Mwaka 2003 Robert Waterland na Randy Jirtle, nchini Marekani, waliwalisha panya wajawazito chakula kilichoongezwa asidi ya foliki, B12, kolini na betaini, na wengi zaidi kati ya watoto wao walizaliwa na manyoya ya kahawia badala ya njano, kwa kuwa jeni ya rangi ilikuwa imebandikwa methili zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo kuhusu watu waliotungwa mimba katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, na baada ya miaka sitini watu hao walikuwa na methili pungufu kidogo kwenye jeni iitwayo IGF2 kuliko ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakukutwa na njaa hiyo tumboni. Haya hurudiwa sana katika maandishi ya watu wa kawaida, na aghalabu huishia kwenye hitimisho jepesi kwamba njaa hupunguza methili na shibe huiongeza.

Utafiti unaotuhusu zaidi sisi watu wa Kusini ulifanyika Gambia, katika vijiji vya wakulima vinavyoizunguka Keneba, na unalikataa hitimisho hilo. Huko, kama kwetu, kuna msimu mmoja wa mvua, na mvua ndiyo wakati wa njaa: maghala yamekwisha, kazi za shambani ni nzito, na watu hupungua uzito. Mtu angetegemea kwamba watoto waliotungwa mimba katika miezi ya mvua watakuwa na methili pungufu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2010, na yale ya mwaka 2014 yaliyoambatana na vipimo vya damu za akina mama wenyewe, yalionyesha kinyume chake. Katika yale maeneo machache yanayotofautiana kati ya mtu na mtu, watoto wa msimu wa njaa walikuwa na methili nyingi kuliko watoto wa kiangazi. Sehemu ya maelezo inaanzia kwenye sahani. Katika miezi ya mvua nafaka huwa zimekwisha lakini majani yamejaa, na damu za akina mama zilikuwa na foleti na riboflavini nyingi zaidi kuliko wakati wa kiangazi.

Jambo hili nililitafakari muda mrefu, kwa sababu linaeleza kalenda yetu kuliko lilivyokusudiwa. Mwezi Oktoba katika nyanda za juu za Makonde, Newala na Tandahimba, ardhi ni vumbi, maji hununuliwa kwa ndoo, na mchicha ni wa mwenye bomba. Chakula ni makopa, mbaazi kavu na dagaa, na mfukoni zinaanza kuingia fedha za korosho. Mwezi Februari fedha zimekwisha, mahindi bado hayajakomaa, na ghala linatoa mwangwi, lakini nje ya mlango kuna majani ya kunde, mlenda, matembele na mboga nyingine zinazojiotea zenyewe ambazo bibi huzichuma bila kulipa senti. Mtu wa mwezi Oktoba ana uwezo wa kununua lakini hana majani, na mtu wa mwezi Februari ana majani lakini hana kitoweo. Kimeng'enya hakijui habari za njaa wala shibe kama tunavyozijua sisi, kwani kinachokifikia ni hesabu ya methili iliyopo siku hiyo, na hesabu hiyo huungwa na vyakula ambavyo kwetu havikutani katika mwezi mmoja.

Kwa msingi huo, siungi mkono mtu anayesema kwamba methili zaidi ndiyo afya zaidi. Alama hizi hazina uzuri wala ubaya wake zenyewe, na linaloamua ni mahali zilipowekwa. Mfano wa karibu ni selimundu, ugonjwa ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye nao duniani. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, isiyokunja seli nyekundu za damu, na baada ya kuzaliwa jeni ya himoglobini hiyo hufungwa, DNMT1 ikiwa mmoja wa wanaoshika ufunguo. Kwa mgonjwa wa selimundu kufungwa huko ni hasara, na ndiyo sababu dawa zinazokizuia kimeng'enya hicho zimejaribiwa ili jeni hiyo ifunguke tena. Katika saratani, seli hufunga kwa methili jeni zilizopaswa kuizuia isigawanyike ovyo, na huku sehemu kubwa ya DNA yake ikibaki na alama pungufu. Azasitidini, dawa inayozuia vimeng'enya hivi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa magonjwa ya uboho wa mifupa, na hutolewa kwa kupima damu ya mgonjwa mara kwa mara, kwa kuwa kumgusa karani huyu ni kugusa ghala zima. Kwa hiyo yule kijana niliyemkuta stendi ya mabasi, amesimama juu ya kreti na kipaza sauti, akiuza unga wa mitishamba wa "kufungua DNA" kwa shilingi elfu tano, alikuwa akiuza maneno matupu, na ninashukuru kwamba yalikuwa matupu.

Kuna hatari ya pili ambayo naiona kubwa zaidi ya unga wa stendi, nayo ni kumbebesha mama lawama. Matokeo ya Keneba yanazungumzia tofauti ndogo katika maeneo machache, na hayamhukumu mwanamke yeyote kwa alichokula au kukosa. Hata hivyo, yakishuka hadi barazani, hugeuka haraka kuwa "mtoto wako yuko hivi kwa sababu hukula vizuri". Anayesema hivyo aulizwe kwanza malipo ya korosho yaliingia katika akaunti ya nani, na nani aliamua kwamba yanunue bati na redio, na mayai yasubiri.

Tuseme basi kwamba habari za methili zimewekwa kando. Bado ipo hoja ya asidi ya foliki isiyotegemea methili hata kidogo, na ushahidi wake hauna shaka. Mfereji wa neva, ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga takribani siku 28 baada ya mimba kutungwa. Usipojifunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, au hazaliwi hai. Jaribio kubwa lililotolewa mwaka 1991 kwa wanawake waliowahi kupata mtoto wa hali hiyo lilionyesha kwamba asidi ya foliki iliyotumiwa tangu kabla ya mimba ilipunguza kujirudia kwake kwa asilimia 72, na Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kwa siku kuanzia mwanamke anapotarajia kushika mimba hadi wiki ya 12. Wiki ya 19 iko nje ya hesabu zote mbili, ile ya mfereji na ile ya makarani wa methili.

Serikali ililijua jambo hili, na kanuni za mwaka 2011 zikavitaka viwanda kuongeza virutubishi, pamoja na asidi ya foliki na B12, kwenye unga wa ngano na wa mahindi. Ni uamuzi ninaouunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu unamfikia mwanamke bila kumuuliza kama ana mimba. Lakini unga wa kiwandani hununuliwa dukani, na katika vijiji vyetu watu hubeba mahindi na makopa yao wenyewe kichwani hadi kwenye mashine, wakasagiwa kilichotoka shambani na kuondoka nacho. Virutubishi vya kisheria humpita mtu huyu kwa mbali, na ni mtu huyuhuyu ambaye mlo wake unabadilika kwa msimu kuliko wa mtu wa mjini.

Mkulima wa korosho hahitaji kufundishwa maana ya kuwahi. Anajua kwamba salfa hupulizwa mapema, ubwiriunga haujayashika maua, na kwamba akisubiri hadi aone unga mweupe kwenye vishada, atapuliza huku msimu umekwenda. Kwa sababu hiyo magunia ya salfa husafirishwa hadi vijijini kabla ya maua, na mkuu wa wilaya husimama jukwaani kueleza yanapokwama. Njia hiyohiyo, yenye chama cha msingi, daftari la wanachama na gari linalofika hadi mwisho wa barabara ya mchanga, ingeweza kubeba pakiti ya virutubishi kwa ajili ya mashine za kusaga na vidonge vya asidi ya foliki kwa wanawake ambao bado hawana mimba, na kuvifikisha mwezi Mei pamoja na salfa, tuseme, badala ya kuviacha vimsubiri mjamzito kwenye dirisha la zahanati. Nafahamu kwamba bajeti ya pembejeo na bajeti ya afya hukaa katika meza tofauti. Ni meza tu.

Mashine ilipozimwa kusubiri mkanda upoe, mama yule aliichomeka kadi yake ndani ya kanga na kujitwisha debe la unga. Mwenye mashine alikuwa akiandika katika daftari lake: jina, kilo, shilingi. Nilimuuliza kama amewahi kuambiwa habari za kuongeza virutubishi kwenye unga anaosaga. Alisema aliona maandishi hayo mara moja, kwenye mfuko wa unga wa dukani ambao mjukuu wake alikuja nao kutoka mjini, kisha akauliza zamu inayofuata ni ya nani.